Mgeni na Kiraka: Jinsi Watu Walivyoingia katika Kazi ya Programu Huria

Kiingereza hutumia neno moja kwa kitu kisicholipiwa na kwa kitu kisichofungwa. Kwa sababu hiyo, watu walioanzisha kazi inayoelezwa hapa wamelazimika kwa muda wa miaka arobaini na zaidi kueleza kila mara kwamba walikusudia uhuru, wala si bei. Kiswahili hakina taabu hiyo. Kisicholipiwa ni cha bure. Asiye mtumwa ni huru. Na kwa jambo lililo wazi kwa kila atakaye kuingia, wasemaji wa Tanzania walikwisha kuzoea neno “huria”, kama katika soko huria, na kama katika Chuo Kikuu Huria kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka wa 1992. Ndiyo maana programu za kompyuta ambazo msimbo wake, yaani maandishi ayaandikayo mtungaji na ambayo mashine huyatekeleza, umeachwa wazi ili usomwe, ugeuzwe na kugawanywa tena, zimeitwa programu huria. Jina hilo ni jema, kwa kuwa ladokeza mlango. Lakini mlango kuwa wazi ni jambo moja, na mgeni kujua aingie kwa mguu gani ni jambo jingine. Na historia ya jambo hili la pili haijaandikwa sana katika Kiswahili.

Desturi ya kugawana msimbo ilitangulia jina lake. Katika maabara za vyuo vikuu vya Marekani, miaka ya 1960 na 1970, programu zilipita toka mkono hadi mkono kama mapishi yapitavyo baina ya majirani, wala hakuna aliyehesabu kuwa ametoa mali. Baadaye makampuni yakaanza kuziuza programu peke yake na kuuficha msimbo. Richard Stallman, aliyekuwa katika maabara ya akili bandia ya chuo cha MIT, amesimulia mara nyingi habari za mashine ya kuchapa iliyoletwa hapo karibu na mwaka wa 1980. Karatasi zilikuwa zikikwama. Naye alijua namna ya kuitengeneza programu yake ili iwaarifu watu mara karatasi inapokwama. Lakini msimbo haukuwapo, na mtu aliyekuwa nao alikataa kumpa kwa kuwa alikwisha kuahidi kutoutoa. Tarehe 27 Septemba 1983 Stallman alitangaza kwamba ataandika mfumo mzima wa kuendeshea kompyuta, ulioitwa GNU, na Januari 1984 akaanza kazi. Kanda za programu yake ya kuhariria, Emacs, aliziuza kwa dola 150, jambo ambalo latosha kuonyesha kwamba “huria” na “bure” si ndugu wa tumbo moja. Katika mwaka wa 1989 ikatoka leseni iliyoweka sharti kwamba yeyote atakayeigawa programu hiyo, hata akiwa ameigeuza, sharti awape wenziwe haki ile ile aliyopewa yeye.

Leseni ilikuwa sheria ya mlango. Desturi ya mlango ilikuja kwa njia nyingine, na mwanzo wake ulikuwa mdogo mno.

Linus Torvalds alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, mwenye umri wa miaka 21, aliponunua kompyuta mpya mwanzoni mwa mwaka wa 1991. Alikuwa akitumia Minix, mfumo mdogo ambao Andrew Tanenbaum wa Amsterdam aliutoa mwaka wa 1987 ili wanafunzi wajifunzie. Tarehe 25 Agosti 1991 aliwaandikia watumiaji wenzake wa Minix kuwaarifu kwamba anaunda mfumo wake mwenyewe, akawauliza wanapenda nini na hawapendi nini katika ule wa zamani, na akawahakikishia kuwa ni kazi ya kujipumbaza tu, haitakuwa kubwa. Toleo la kwanza, la Septemba mwaka huo, lilikuwa na mistari ipatayo 10,000. Jambo la kuangaliwa hapa ni namna ya barua yenyewe. Mwandishi wake hakujitangaza kuwa bwana mwenye kazi akitafuta vibarua, aliuliza swali. Aliyejibu swali alikuwa amekwisha kuingia kabla hajatambua. Mwaka uliofuata Torvalds aliuweka mfumo wake, uliokwisha kuitwa Linux, chini ya leseni ya GNU; toleo la kwanza leseni yake ilikuwa imekataza biashara.

Alan Cox wa Swansea, katika Wales, ni mfano bora wa walioingia siku hizo. Aliutumia mfumo huo katika mashine iliyotumiwa na watu wengi kwa pamoja, na sehemu ya kuunganisha mashine na mtandao ikawa inaharibika mara kwa mara. Akairekebisha, akayatuma marekebisho, kisha akarekebisha tena. Na kwa kuwa hakuchoka, baada ya muda si mrefu watu wakawa wanamletea yeye kasoro za sehemu hiyo, na baadaye akawa mtunzaji wake. Hakuteuliwa kwa cheti, wala hakuna aliyemhoji. Wasemao kwamba sharti mtu awe bingwa kwanza ndipo achangie, wamekosea mpango wa mambo: Cox alianza kwa kuudhika na kitu alichokuwa akikitumia kila siku.

Mgeni alileta nini hasa mlangoni? Alileta kiraka. Neno hili la mafundi wa nguo limefaa ajabu. Mwaka wa 1985 Larry Wall alitoa programu ndogo iliyopokea orodha ya tofauti baina ya msimbo wa zamani na ule uliorekebishwa, ikayatia marekebisho hayo mahali pake. Mistari ya kuondolewa hutiwa alama ya kutoa, ya kuongezwa hutiwa alama ya kujumlisha, na michache iliyo juu na chini yake huachwa kama ilivyo ili mahali pajulikane. Kwa hiyo mtu wa Brazil hakuwa na haja ya kumpelekea mtu wa Finland msimbo mzima. Alipeleka mistari minane ndani ya barua, na mpokeaji aliweza kuisoma kwa jicho lake kabla ya kuikubali. Huku kusomwa ndiko kuliko na uzito. Kiraka hupelekwa hadharani, hujibiwa hadharani, na mara nyingi hurudishwa: kimefanya mambo mawili badala ya moja, hakikueleza sababu yake, nafasi za pembeni hazikufuata kawaida. Mgeni asiyejua hudhani amefukuzwa. Aliyezoea hutengeneza, akapeleka tena mara ya pili na ya tatu.

Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katika kazi hii mgeni huja na jembe lake siku ya kwanza, na wenyeji hulikagua jembe kabla ya kumwuliza jina.

Tangu mwaka wa 2004, baada ya kesi iliyofunguliwa Marekani mwaka uliotangulia kuhusu haki miliki za sehemu za Linux, kila kiraka hutakiwa kuwa na mstari wenye jina la aliyekileta, akithibitisha kwamba ana haki ya kukitoa. Katika mwaka wa 2008 likatengwa fungu maalumu la msimbo ambao haujatakata, na mpaka leo wanaoanza huelekezwa huko wakajizoeze kwa kupanga mistari na kufuta yasiyotumika. Kazi hiyo hudharauliwa na wengi, lakini humfundisha mtu njia nzima, tangu kuandika hadi kujibu mkaguzi, bila hatari ya kuvunja kitu kikubwa. Taarifa iliyotolewa mwaka wa 2017 ilihesabu zaidi ya watu 15,000 waliokuwa wamechangia kiini cha Linux tangu mwaka wa 2005.

Si wote waliopitia mlango huo huo. Debian, jumuiya iliyoanzishwa na Ian Murdock Agosti 1993 ili kukusanya programu huria na kuzifunga pamoja zipate kutumika, ilifika mahali pa kuelemewa na wageni. Mwaka wa 1999 ikaacha kupokea watu wapya. Ilipofungua tena mwaka wa 2000 kulikuwa na utaratibu ambao mtu wa chuo kikuu angeutambua mara moja: mwombaji sharti akutane uso kwa uso na mwanachama, amwonyeshe kitambulisho, kisha hupewa msimamizi wa kumwuliza maswali juu ya itikadi ya jumuiya na taratibu zake, kisha huonyesha kazi ya mikono. Wapo waliolalamika kwamba huo ni urasimu uliovaa nguo za uhuru. Malalamiko hayo yana haki kiasi, maana wengine walingoja muda mrefu sana. Hata mwaka wa 2007 ikabidi pawekwe daraja ya katikati kwa wale wanaotunza programu chache tu. Lakini wenye Debian waliona mapema swali ambalo wengine walilikwepa kwa miaka ishirini zaidi, yaani jumuiya itamjuaje mtu isiyemwona.

Kwa wasomaji wa lugha, hata hivyo, mlango ulio karibu zaidi ni ule wa tafsiri, nao umewaingiza watu wengi ambao hawakuwahi kuandika msimbo. Tangu mwaka wa 1995 jumuiya ya GNU ilikuwa na chombo kinachoyatoa maneno yote ambayo programu humwambia mtumiaji, kikayaweka katika faili moja, kila usemi wa Kiingereza ukifuatiwa na nafasi tupu. Mfasiri huzijaza nafasi. Afrika Kusini kikundi cha Translate.org.za kilianza kazi hii mwaka wa 2001 kwa ajili ya lugha rasmi za nchi hiyo. Katika Afrika Mashariki, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliifanya kwa ushirikiano na wataalamu kutoka Sweden, katika mradi ulioitwa Kilinux, na mwaka wa 2004 ikatoka Jambo OpenOffice, yaani programu za ofisi zenye kuzungumza Kiswahili. Msimbo wa OpenOffice ulikuwa umefunguliwa miaka minne tu kabla ya hapo. Mwaka huo huo ikatoka Ubuntu ya Mark Shuttleworth, ambaye mwenyewe alipata kuwa mchangiaji wa Debian. Na jina hilo la Kinguni halina haja ya kufasiriwa kwa msemaji wa Kiswahili, kwani shina lake ndilo la “utu” na “mtu”.

Anayeanza tafsiri hudhani kazi yake ni ya kamusi. Huingia akijiuliza kama aandike “kompyuta”, “tarakilishi” au “ngamizi”, na kwa kweli mjadala huo ni halali. Lakini siku ya pili hugundua kwamba shida yake kubwa ni ya sarufi. Programu ina usemi wenye tundu, ambamo mashine itatia jina la kitu chochote: fulani hakikupatikana. Kiingereza hakijali kitu gani kitaingia tunduni. Kiswahili chajali. Likiingia faili, sharti liwe “halikupatikana”, kikiingia kiungo, “hakikupatikana”, waraka “haukupatikana”, picha “haikupatikana”. Mwandishi wa programu, aliyekaa Hamburg au California, hakujua kwamba ameandika sentensi isiyoweza kufasiriwa kwa lugha yenye ngeli. Mfasiri mzoefu huigeuza sentensi ili neno la tunduni liwe yambwa lisilodai upatanisho: “imeshindikana kupata” fulani. Au, akiwa na moyo zaidi, humwandikia mwenye msimbo kumwomba aitenganishe sentensi hiyo katika sentensi kadhaa. Hapo ndipo mwanaisimu anapotuma kiraka chake cha kwanza bila kukusudia.

Kadhalika na wingi. Chombo kilichotajwa humruhusu mfasiri kusema lugha yake ina sura ngapi za hesabu. Kiarabu hutengewa sita, Kiswahili mbili. Mbili zatosha, ila si kwa sababu adhaniayo mgeni. Katika “picha 1 imehifadhiwa” na “picha 5 zimehifadhiwa” nomino haibadiliki hata kidogo. Tofauti yote imo katika kitenzi, na mfasiri asiye mwangalifu, akiona nomino ni ile ile, hunakili mstari wa kwanza katika wa pili. Tena kuna neno la Kiingereza liwezalo kuwa amri au sifa, la kufungua na la kuwa wazi, nalo hutokea peke yake katika orodha bila sentensi ya kulizunguka. Asiyeifungua programu yenyewe na kuangalia hatajua ni lipi. Kufasiri kwa kuisoma faili tu ni kama kufasiri mchezo wa kuigiza kwa kusoma majina ya waigizaji.

Hapa pana jambo linalowahusu wenye lugha kwa namna ya pekee. Tangu mwaka wa 1930, ilipoundwa Kamati ya Lugha ya Nchi za Afrika Mashariki, maneno mapya ya Kiswahili sanifu yalipitia mezani pa watu waliopewa idhini. Katika programu huria hapana meza. Neno litakaloonekana na kila anayewasha mashine ni lile lililoandikwa na mtu aliyejitokeza, awe mwalimu wa Morogoro, mwanafunzi wa Nairobi au Mswahili aliye Toronto. Na lisipokosolewa na mwingine aliyejitokeza, litakaa. Wala kazi haiishi. Kila toleo jipya la programu huja na semi mpya, na zisizofasiriwa hubaki Kiingereza. Hata tafsiri iliyokuwa kamili siku ya kutolewa, baada ya miaka michache huwa na mabaka. OpenOffice yenyewe iligawanyika mwaka wa 2010, LibreOffice ikatoka humo, na tafsiri zikalazimika kuhama pamoja na watu. Mradi wenye fedha huleta tafsiri mara moja. Unaoitunza ni utaratibu wa kupata wageni wapya, na huo, katika Kiswahili, umekuwa haba.

Kuhusu vyombo vya baadaye maneno machache yatosha. Aprili 2005 Torvalds aliandika Git ili kuzihifadhi hatua zote za msimbo, na mwaka wa 2008 ikafunguliwa GitHub, ambako mtu hujichukulia nakala ya ghala zima, akairekebisha, kisha akabonyeza kitufe cha kumwomba mwenye ghala aipokee. Barua iliyopangwa kwa kanuni hamsini ikageuka kuwa kitufe. Faida yake haina shaka. Wengi waliokuwa wakiogopa barua za hadharani waliingia kwa njia hiyo, na wenye miradi wakaanza kuweka alama juu ya kazi nyepesi zinazomfaa anayeanza.

Wingi wa njia, hata hivyo, haukumwondolea kila mtu kizuizi. Katika mwaka wa 2006 jumuiya ya GNOME ilipokea maombi yapatayo mia mbili ya wanafunzi waliotaka kazi ya kiangazi iliyogharimiwa na Google, na hakuna hata moja lililotoka kwa mwanamke. Mlango ulikuwa wazi, leseni ilikuwa ile ile, na nusu ya binadamu hawakuuona. GNOME ikaanzisha mpango wa wanawake mwaka huo huo. Ukalala, ukafufuliwa mwaka wa 2010, na tangu 2015 waitwa Outreachy, ukipokea pia watu wengine waliobaki nje. Mpango huo ulifanya mambo mawili: ulimpa mgeni mwenyeji mmoja anayejulikana kwa jina, na ulimlipa. Miongoni mwa wenye Linux, ilikuwa hadi Septemba 2018 ndipo Torvalds alipoomba radhi kwa ukali wa kauli zake na kanuni ya adabu ikapitishwa. Imesemwa, na ni kweli, kwamba ukali huo aghalabu uliwaangukia watunzaji wakubwa, si wageni. Lakini mgeni alikuwa akiyasoma hayo kabla ya kuandika neno lake la kwanza.

Upande wa pili wa urahisi ulionekana Oktoba 2020. Kampuni moja ilikuwa imezoea tangu 2014 kutoa fulana kwa yeyote atakayepeleka idadi fulani ya marekebisho katika mwezi huo. Mwaka huo watunzaji waliamka wakakuta maombi chungu nzima ya watu walioongeza neno moja la sifa katika maelezo ya programu wasizozijua, kwa ajili ya fulana. Haikupita wiki moja kabla kanuni haijageuzwa, ikawa ni miradi iliyojiandikisha tu ndiyo itakayohesabiwa. Wengi wa watu hao walikuwa wageni wa kweli, waliofundishwa na wageni wenzao kwamba kuingia ndiko huko. Waliokesha wakiyafunga maombi hayo walikuwa wanafanya kazi bila mshahara.

Mwaka uliofuata jeraha lilikuwa zito zaidi. Watafiti wa chuo kikuu kimoja cha Marekani walikuwa wamepeleka katika kiini cha Linux, kwa majina yasiyo yao, viraka vyenye kasoro za makusudi, ili kupima kama wakaguzi wataziona. Aprili 2021 Greg Kroah-Hartman alitangaza kwamba michango ya watu wa chuo hicho isipokewe, na viraka vyao vya nyuma vikapitiwa upya kimoja kimoja. Walijitetea kwamba wametafuta elimu. Lakini wakaguzi waliofanywa vyombo vya jaribio hawakuombwa ridhaa, na tangu hapo kila anuani isiyojulikana ilisomwa kwa jicho jingine.

Kisha likaja tukio la xz. Hiyo ni programu ndogo ya kufinya mafaili, inayotumika ndani ya mifumo mingi, na kwa miaka mingi ilitunzwa na mtu mmoja katika muda wake wa mapumziko. Mwishoni mwa mwaka wa 2021 akatokea mgeni aliyejiita Jia Tan. Mchango wake wa kwanza ulikuwa faili dogo la kupanga nafasi na mistari, ile ile kazi ambayo kila mwongozo humshauri mgeni aanze nayo. Alikuwa mpole na mwenye bidii. Mwaka wa 2022 wakajitokeza watu wengine, wasiojulikana mpaka leo, wakimsukuma mtunzaji aliyechoka, wakilalamika kwamba kazi inakwenda polepole na kwamba apishe mwingine. Mgeni akapewa funguo. Februari na Machi 2024 yakatoka matoleo mawili ambayo ndani yake, katika mafaili ya kufanyia majaribio, ulifichwa mlango wa siri wa kuingilia mashine za watu.

Aliyeugundua ni Andres Freund, mhandisi wa hifadhidata ya PostgreSQL, ambaye hakuwa akiitafuta hila yoyote. Alikuwa akipima kasi ya kazi yake, akaona kuingia katika mashine yake kwa mbali kunachukua karibu nusu sekunde zaidi ya kawaida. Angeweza kuipuuza nusu sekunde hiyo. Aliifuata, na kwa kuwa msimbo ulikuwa wazi aliweza kuufuata mpaka mwisho wake. Tarehe 29 Machi 2024 akayaandika aliyoyaona katika barua ya hadharani. Matoleo hayo mawili yalikuwa yamekwisha kuingia katika Debian ya majaribio na katika Fedora ya majaribio, lakini hayakuwa yamefika katika zile zinazotumiwa na watu wengi. Yakarudishwa nyuma siku ile ile. Mtunzaji wa zamani akarejea katika ghala lake, akaanza kuvisoma tena viraka vyote vya mgeni yule tangu kile cha kwanza.